Ushauri: Ni kiongozi wa vijana kanisani na nacheza gemu za kuua. Niache?

Mwenyekiti_Tabata (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Na ninyi wa imani nyingine, habari za jioni.

Nina miaka 31, nimeoa, naishi Tabata. Kanisani ni mwenyekiti wa vijana wa usharika wetu. Sinywi, sivuti, baa nazipita tu nikielekea kituoni. Starehe yangu ni moja: PS4, mashine ya gemu. Nacheza Call of Duty Modern Warfare ile ya 2019, gemu ya vita, na GTA V, gemu ya uhalifu mitaani. Zote mbili Wamarekani wamezipa herufi M, yaani miaka 17 na kuendelea, na Ulaya zina alama ya 18. Kwa umri niko sawa. Kwa wokovu ndipo sijui.

Wiki iliyopita ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa kwetu. Mwinjilisti akawauliza watoto amri. Mtoto wa dada yangu tunayeishi naye, ana miaka tisa, akanyoosha mkono: "Amri ya tano, usiue." Wakampigia makofi. Akaendelea bila kuulizwa: "Lakini mjomba anaua usiku."

Sebule nzima kimya. Mke wangu akawahi kucheka na kueleza kwamba ni gemu, watu wakacheka naye, chai ikaendelea. Ila mzee mmoja wa kanisa wakati wa kuaga alinishika mkono akasema, "Mwenyekiti, hilo jambo litazame." Hakusema zaidi. Siku sita sasa sijashika padi ya kuchezea, na usingizi sipati vizuri.

Naomba ushauri wa kweli, hasa kutoka kwa wanaozijua hizi gemu. Ni dhambi, au mzee ameshtuka tu kwa sababu ya kizazi chake?

Dogo_Padi

Kama unaokoka na kuiuza PS, mimi nipo. Laki mbili na nusu mkononi leo hii.

Mlinzi_wa_Lango

Mkuu, wala usingeomba ushauri. Ukiona moyo unakusuta, Roho ameshasema. Hizo gemu ni milango. God of War imejaa miungu ya Wagiriki, Mortal Kombat wanang'oana vichwa na uti wa mgongo, halafu unainuka hapo unaenda kuongoza sifa? Zaburi 101:3, "Sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu." Choma moto. Usiuze, maana utampelekea mwenzako.

Fundi_Sumaku

Kwenye God of War huyo Kratos anawaua hao miungu mmoja mmoja, Mlinzi. Hayo ni mahubiri ya Eliya kabisa 😂

Mlinzi_wa_Lango

Cheka tu.

Chogo_la_Mbagala

Mleta mada, mimi nilikuwa na kibanda cha gemu Mbagala, PS2 nne na TV za chogo, nikafunga 2014. Nikueleze nilichokiona kwa macho.

Gemu iliyoniingizia hela baada ya mpira ilikuwa GTA San Andreas. Madogo hawakuwa wanacheza hadithi yake, misheni hawazijui kwa sababu Kiingereza kinawapiga chenga. Wanaingia, wanaita silaha kwa kodi, yaani vitufe vya siri vinavyobonyezwa kwa mpangilio, wanapiga watu barabarani mpaka polisi wajae, wanakufa, wanaanza upya. Zile kodi walikuwa nazo kwenye daftari la hesabu. R1, R2, L1, R2, kushoto, chini, kulia, juu, halafu unarudia yale ya mwisho. Mpaka leo naikumbuka. Kulikuwa na dogo wa darasa la tatu, anaitaja hiyo kwa kasi kuliko Baba Yetu, na alikuwa mtumishi wa altareni.

Sasa, je, wakawa wauaji? Hapana. Mmoja ni dereva wa bodaboda, mmoja mwalimu, huyo wa altareni ana duka la simu. Ngumi za pale kibandani zilizuka zaidi kwenye PES, gemu ya mpira, kuliko GTA, maana kwenye PES kuna mtu wa pembeni yako anayekucheka.

Kilichonisumbua mimi ni kingine. Diski zetu zilikuja kwenye mfuko wa nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu ya maka. Hakuna boksi, hakuna alama ya umri, hakuna kitu. Wala sikujua kwamba ipo. Nimekuja kuiona hiyo M mara ya kwanza kwenye boksi halisi kwa mtu aliyetoka Uarabuni, nikageuza nyuma nikasoma walivyoorodhesha kilichomo ndani. Nilikaa chini. Miaka mitano nimewauzia watoto wa watu kitu hicho kwa mia mbili mia mbili.

Mama_Wawili

Mwenyekiti, swali lako umeliuliza upande mmoja. Huyo mtoto wa miaka tisa amejuaje kwamba mjomba anaua usiku?

Mwenyekiti_Tabata

Dada, hapo umenigusa. Nacheza sebuleni kuanzia saa nne, yeye analala saa mbili. Nilimwuliza kwa upole juzi. Kumbe anaamka kwenda chooni, anasimama nyuma ya pazia la korido. Ananitajia mpaka aina ya bunduki.

Mama_Wawili

Basi kabla hujajua kama wewe unatenda dhambi, mlango wa korido hauna komeo?

Fundi_Sumaku

Niweke kumbukumbu sawa, maana kwenye hizi mada watu hupenda kusema "utafiti umeonyesha" na kuishia hapo.

Hizo alama za umri zina historia. Mwaka 1993 maseneta wa Marekani walifanya vikao juu ya gemu, Mortal Kombat ikiwa mezani. Kampuni zikaona serikali itaingilia, zikaunda chombo chao wenyewe, ESRB, mwaka 1994. Ulaya wana PEGI tangu 2003, na hao hutumia namba: 3, 7, 12, 16, 18. Kwa hiyo ni kampuni zilizojiwekea, wala si kanisa lililoweka. M inakwambia kilichomo, haikwambii kama kinakufaa.

Kuhusu kugeuka mkatili: mwaka 2019 watafiti wa Oxford waliwafuatilia vijana wa Uingereza kama elfu moja wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi wao, hawakuona uhusiano kati ya gemu za kikatili na ukali wa tabia. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, mwaka 2020 kilisema ushahidi hautoshi kuzilaumu gemu kwa mauaji na uhalifu, lakini kikabaki na msimamo kwamba kuna uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Basi. Wanaosema gemu zinazaa wauaji wanatia chumvi, na wanaosema hazifanyi lolote nao wanatia chumvi.

Ila mleta mada hakuuliza kama ataua mtu. Ameuliza kama inampendeza Mungu. Hapo kompyuta zangu hazinisaidii, naomba wachungaji waje.

Mchungaji_wa_Mabondeni

Shalom. Nimeitwa, nimekuja. Mimi ni mchungaji kweli, na nilicheza sana nikiwa chuo, hivyo sitajifanya sijui.

Ndugu Mlinzi, Biblia yenyewe ina damu. Yaeli alimpigilia Sisera kigingi cha hema kipajini, Waamuzi 4, na Debora akamwimbia wimbo. Ehudi alimchoma Egloni upanga mpaka mpini ukazama na mafuta yakafunika chuma. Tungekuwa tunapima kwa damu tu, na hivyo vitabu tungevipa alama ya 18.

Watu huniletea Zaburi 11:5. Ukiusoma kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union, hausemi kwamba Bwana anamchukia apendaye mapigano. Unasema "mwenye kupenda udhalimu." Na udhalimu Waswahili tunaujua. Askari wawili wakipigana, hiyo ni vita. Mwenye nguvu akimtesa aliyefungwa mikono, huo ni udhalimu. Halafu neno la pili ni "kupenda." Kuuona ni jambo moja, kuupenda ni jambo jingine.

Kwa hiyo nisingeanza kuuliza gemu ina damu lita ngapi. Ningeuliza inakutaka ufanye nini kwa mikono yako, na wakati unafanya, moyo wako unasema nini. Call of Duty ya 2009 ilikuwa na sehemu unatembea na magaidi uwanja wa ndege wanaowafyatulia abiria. Gemu yenyewe ilikuuliza kwanza kama unataka kuiruka. Mimi sikuiruka, na nilifyatua. Ningeweza kutofyatua, maana gemu haikunilazimisha. Niliizima baadaye nikaenda kuoga saa saba usiku na sikuwa na jasho.

Mwenyekiti, una kitu hujakisema. Kama hutaki hapa, nenda kwa mchungaji wako.

Mtoto_wa_Monika

Tumsifu Yesu Kristo. Mchungaji kanikumbusha Alipio, rafiki yake Mtakatifu Agustino. Alikwenda Roma kusoma sheria, na michezo ile ya watu kuuana uwanjani alikuwa haipendi kabisa. Wenzake wakamburuta. Akawaambia mwili mtaupeleka, macho nitayafumba. Akayafumba kweli. Ila masikio hayana kope: mpiganaji mmoja akaanguka, umati ukapiga ukelele, jamaa akafumbua aone kuna nini. Hakuyafumba tena. Akawa anarudi mwenyewe, na anaburuta wengine.

Pale walikuwa wanakufa watu wa kweli, siyo mchezo wa padi, hivyo sisemi ni kitu kimoja. Na mwishoni Alipio alibatizwa, akawa askofu. Mimi FIFA, gemu ya mpira, nacheza na sina hatia yoyote, isipokuwa dhidi ya Arsenal yangu.

Ustaadh_Kigamboni

Mimi si wa dini yenu, nisameheni kuingilia. Naona mnajadili damu tu. Mwenyekiti, unaanza saa nne, unamaliza saa ngapi? Sala ya alfajiri, au ninyi mnaita nini, unaamka?

Mwenyekiti_Tabata

Ustaadh, saa nane. Ijumaa saa kumi. Na hapana, siamki.

Mchungaji, niseme tu, jina langu halipo hapa. Kwenye GTA V kuna misheni mtu amefungwa kitini na wewe unachaguliwa kumtesa. Vifaa vimepangwa mezani: plaizi, spana, nyaya za betri, maji. Unachagua mwenyewe. Mara ya kwanza nilifanya haraka ili ipite. Mwaka jana nikaianza gemu upya tangu mwanzo, na nilipofika hapo nikagundua kwamba nilikuwa naisubiri. Nilitumia nyaya za betri kwa sababu mara ile ya kwanza sikuzitumia. Sijawahi kumwambia mtu. Call of Duty hainipi hiyo hali hata kidogo, ni kama mpira, unapigwa, unapiga, mechi inaisha. Nimewaweka pamoja kwenye swali langu kama ndugu, kumbe hawafanani.

Mchungaji_wa_Mabondeni

Sasa umeniuliza swali. Lile la mwanzo lilikuwa la mzee wa kanisa.

"Vitu vyote ni halali kwangu, lakini si vyote vifaavyo, vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." 1 Wakorintho 6:12. Huo mstari vijana hupenda nusu ya kwanza. Kuhusu GTA umeshajijibu, nisikuongezee. Kuhusu Call of Duty, sitakuwekea sheria ambayo Mungu hakuiweka. Ila saa nane usiku una mke.

Mlinzi_wa_Lango

Bado nasema achome zote. Ila ndugu, kukiri hadharani hivyo si jambo dogo. Nakuombea.

Mwenyekiti_Tabata

MREJESHO. Wakuu, wiki mbili zimepita.

Nilimweleza mke wangu yote, mpaka ile ya nyaya. Nilidhani atashangazwa na damu. Akasema damu haijui, hizo gemu hajawahi kuziangalia hata dakika moja, yeye anachojua ni kitanda upande mmoja baridi tangu tuoane. Nilikosa la kusema.

GTA nimeifuta na diski nimeitoa. Call of Duty ipo, Jumamosi saa mbili, korido imewekwa mlango na fundi wa pale mtaani. Sijui kama itabaki. Dogo tunacheza naye FIFA mchana, ananifunga. Mzee wa kanisa nilimfuata nyumbani kwake, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama hiyo ya mpira wanaweza kucheza watu wawili.

Dogo_Padi

Kwa hiyo PS huuzi. Na diski ya GTA je?

Mwenyekiti_Tabata

Una miaka mingapi?

Dogo_Padi

Kumi na sita. Ila Desemba naingia kumi na saba.