Tupeane uzoefu: siku kikundi chenu kiliposimama kuwasilisha darasani

Mwana wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la mwezi jana halijanitoka moyoni. Nimeona niliweke hapa, na wengine mliosoma vyuo vya huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe, mtueleze ya kwenu.

Nasoma mwaka wa pili hapa Mbeya, biashara ya kilimo. Tulipangwa watu saba, tukapewa mada ya soko la viazi mviringo. Tulifurahi, maana viazi tumekua navyo. Ukipandisha kutoka Uyole kwenda Isyonje unavikuta kando ya barabara kwenye ndoo na magunia. Tulikutana mara moja tu. Wewe chukua uzalishaji, wewe usafirishaji, mimi bei, tukatawanyika. Kulikuwa na dada mmoja mkimya, Kiingereza kinampa shida akisimama mbele za watu. Tukampa ukurasa wa kwanza, ule wa jina la mada na majina yetu. Tuliamini tunamsaidia.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tukaunganisha kazi steshenari. Kila mtu anarusha kipande chake WhatsApp, tunabandika. Hakuna aliyesoma cha mwenzake. Asubuhi ile ya Juni, baridi kali, tukasimama na makoti yetu tukasoma slaidi bila kukwama. Darasa likapiga makofi.

Mwalimu akauliza swali moja tu. Slaidi yangu ilisema gunia shambani ni shilingi 70,000, kwa hiyo kilo ni shilingi 700. Slaidi ya mwenzangu wa usafirishaji ilikuwa na picha ya fuso iliyopakia lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi. "Hiyo 70,000 mmeigawa kwa gunia lipi? La kilo 100, au hilo la kwenye picha?"

Nikamtazama wa usafirishaji. Naye alikuwa ananitazama mimi.

Aliyejibu ni yule dada. Aliomba aseme kwa Kiswahili, mwalimu akamruhusu. Akaeleza wanavyojaza kwao Umalila: gunia likishafika mdomoni linaungwa neti juu, linashindiliwa, linashonwa kwa kamba mpaka linakuwa na kilemba. Wanaolijaza ni vibarua wa mnunuzi, mkulima anaangalia tu. Baba yake aliwahi kulipandisha moja kwenye mizani, likasoma kilo 140. Kwa hiyo mkulima hakupata 700 kwa kilo, alipata 500. Akasema kila mtu kijijini anajua lumbesa limepigwa marufuku, ila siku hiyo aliyekuja na gari ni mmoja, na viazi vikishachimbwa havimsubiri mtu.

Alama zetu zilikuwa nzuri, na ni kwa ajili yake. Kinachonichoma ni kwamba wiki mbili nzima tulikuwa naye kikundi kimoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kwao wanalima nini.

Nyie je?

Mlandege Juu

Umenigusa, mdogo wangu. Mimi nilisoma historia Iringa, miaka imepita sasa. Mada yetu ilikuwa Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Tulipanda daladala mpaka Kalenga, tukaliona fuvu lake kwenye makumbusho, tukarudi na picha na ari kubwa. Tukagawana: mmoja vita vya Lugalo, 1891, mwingine kuanguka kwa ngome ya Kalenga, 1894, mwingine kifo chake, 1898. Kaka mmoja alichukua safari ya fuvu, lililopelekwa Ujerumani, mpaka liliporudi, 1954.

Siku ya kuwasilisha huyo kaka hakutokea. Simu haipatikani. Tukaruka kipande chake, kutoka 1898 tukatua 1954. Mwalimu akauliza: "Hiyo miaka 56 lilikuwa wapi, na nani alikuwa analidai?" Watu watano tumesimama mbele ya darasa, hakuna aliyefungua mdomo. Tulipotoka nje tulimsema yule kaka maneno ambayo sitayarudia hapa.

Jioni nikapekua kundi letu la WhatsApp. Kazi yake ilikuwa pale, ameituma siku nne kabla, na hakuna aliyeifungua. Kila kitu kilikuwamo: kwamba fuvu lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza, kwamba halikukabidhiwa, kwamba Gavana Edward Twining ndiye aliyekuja kulifuatilia mpaka kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Fuvu la mtu mmoja wa Uhehe limeandikwa kwenye mkataba uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, na sisi, watoto wa hapahapa, tulilipita bila kujua.

Yule kaka alikuwa Mafinga, hospitalini, amempeleka mama yake usiku. Aliporudi alituomba radhi. Mimi nilishindwa kumtazama usoni.

Kabwe Stendi

Sisi tulijirekodi kwa simu siku mbili kabla. Tukagundua watatu kati yetu tunasema "kama mnavyoona" huku tumewapa watu mgongo tunasoma ukutani. Rekodini, jamani. Dakika 10 tu, mtajiona.

Mwalimu wa Chaki

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha nyanda hizi. Nasoma haya kwa uchungu, kwa sababu ninayaona kila muhula kutoka upande wa pili wa chumba. Kikundi kilichokaa pamoja unakijua kabla hakijaanza: mmoja akikosea, mwenzake anainua kichwa. Kile kilichobandika slaidi usiku, mmoja akiongea wengine wananong'ona vipande vyao.

Nimeanza kupiga kura ya nani atawasilisha kipande kipi. Majina kwenye karatasi, sehemu za kazi kwenye karatasi nyingine, unaokota mlangoni. Mara ya kwanza walilalamika sana. Mara ya pili nikaanza kuwakuta wamekaa chini ya mti wanafundishana.

Kuhusu lugha: darasani tunafundisha kwa Kiingereza, lakini kwenye maswali namwacha mwanafunzi atoe wazo kwanza kwa Kiswahili, kisha alirudie kwa Kiingereza, wenzake wakimpa maneno. Mtoto amesoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka. Ukimya wake usiuite ujinga.

Bonde la Usangu

Mwalimu, shikamoo. La lugha nakuunga mkono. Hilo la kura naomba nipingane nawe kwa heshima, kwa sababu nina kigugumizi. Siku zangu za chuo, kura ile ingenifanya nisingizie malaria nibaki hosteli.

Kikundi changu kiliniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa: "Wewe ungependa kufanya nini?" Mada ilikuwa Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 hukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nikasema nitachora. Mwenzangu alizungumza, mimi nikachora ubaoni kwa chaki: milima, mito ya Chimala, Kimani na Mbarali ikishuka, mashamba ya mpunga, kinamasi cha Ihefu, na mwamba wa Ng'iriama ambapo maji ya Ihefu hutokea.

Mtu akauliza, mbona Mbarali maji yapo lakini hifadhini mto umekauka? Nikajibu mimi. Niliweka chaki kwenye mifereji: maji yanachukuliwa hapa. Kisha kwenye Ihefu: hapa kina kinashuka. Kisha kwenye mwamba: maji yakishuka chini ya mdomo wa huu mwamba, hakuna kinachotoka, hata kama Ihefu bado ina maji. Nilikwama mara mbili, darasa likasubiri. Mkono ulikuwa umetangulia, maneno yakaufuata.

Mwalimu wa Chaki

Marahaba, ndugu yangu. Hilo sikuliwaza, na naona nilikosea. Muhula ujao, kabla ya kura, nitamwita kila mmoja peke yake nimuulize.

Mwana wa Uyole

Asanteni sana, wakuu. Alhamisi tunawasilisha tena, watu walewale, safari hii parachichi za Rungwe. Jana tulikaa kwenye kibanda cha chai nje ya geti, kila mmoja akasoma kipande cha mwenzake kwa sauti mpaka tukaelewana. Yule dada amechukua bei. Mimi nina ukurasa wa kwanza na usafirishaji. Ananieleza namna madalali wanavyochagua matunda shambani, mimi namtafutia maneno ya Kiingereza. Kilemba cha lumbesa bado hatujakipatia neno.