Naomba ushauri: foleni ya upasuaji wa kubadilisha goti

Ndugu zangu, mamangu, mkaazi wa Likoni, Mombasa, ameandikiwa na daktari wa mifupa wa hospitali ya umma abadilishwe goti la kulia, kwa kuwa gegedu limelika hata mifupa inasagana, lakini tangu jina lake liingie kwenye orodha hatujapewa tarehe, na kila tukiuliza twaambiwa tusubiri simu. Mteremko wa feri sasa huushuka kinyumenyume, mkono umeshika chuma cha pembeni, huku watu wakimpita mbio.

Bima yake ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, imelipiwa mwaka mzima. Nadhani kikwazo ni upatikanaji wa goti la bandia na nafasi ya chumba cha upasuaji, ambako majeruhi wa bodaboda hutangulizwa (na ni haki yao).

Waliopitia haya wanieleze: je, yafaa kuomba rufaa kwenda kaunti yenye foleni fupi, na barua hiyo huandikwa na nani? Kibali cha bima huombwa mapema, au mpaka tarehe ipatikane? Na je, kuna anayeandikisha wagonjwa walio tayari kuitwa ghafla mwingine anapoahirisha?

Kwa vile presha ikiwa juu upasuaji huweza kuahirishwa siku ile ile, twampima nyumbani na kuandika daftarini, na daktari amemwachisha dawa ya maumivu ya diklofenaki, ambayo huipandisha presha. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja anafanya, ingawa kwa kunung'unika. Kama kuna jingine la kuandaa mapema, nitashukuru kuelezwa.