Tupeane uzoefu: mlimani ulibeba chakula gani, na kipi kilikuangusha?

Mwanzisha mada, Moshi

Wanajamvi, salamu. Sisi wakazi wa Moshi tunauona Kilimanjaro kila mawingu yanapofunguka, lakini wengi wetu tukija kuupanda tunapanga chakula kwa mazoea ya jikoni nyumbani. Naanza na kosa langu. Tulipanda kwa njia ya Marangu tukiwa ndugu wanne, pamoja na mwongozaji, mpishi na wapagazi, nami nikang'ang'ania kwamba siku ya pili, kambi ya Horombo, tule makande, kwa kuwa ni chakula kinachokaa tumboni. Mpishi alinitazama bila kusema neno, akayainjika saa tisa alasiri. Hadi saa mbili usiku maharage yalikuwa bado magumu kama kokoto, na gesi imekwenda. Ndipo aliponieleza kwamba kadiri mtu anavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na maji yanavyochemka mapema, takribani nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300, hivyo pale Horombo, mita 3,720, maji yanatokota kwenye nyuzi 88 hivi, hata moto uwe mkali namna gani. Tulilala na uji. Je, wenzangu, ninyi mlibeba nini?

Mchangiaji, Tengeru

Pole sana, mkuu, ingawa mpishi wako naye alikuponza kwa adabu yake. Mlima wangu mimi ni Meru, ambako mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na tatizo langu halikuwa chakula kuiva bali hamu ya kula. Kwenye vibanda vya Miriakamba, kituo cha kwanza, nilikula kama kawaida. Kesho yake, kwenye vibanda vya Saddle, mita 3,570, harufu ya nyama ya kukaanga ilinichefua kabisa, nikaweza kumeza ndizi mbivu na chai ya tangawizi tu. Maparachichi niliyonunua Tengeru siku ya soko, yakiwa yameiva barabara, nilikuwa nimeyafunga kwa gazeti na kuyatia katikati ya begi. Yalipondeka yote, nami usiku wa manane nilianza kupanda kuelekea kileleni nikiwa na sweta lenye parachichi hadi kwenye kola. Siku hizi nabeba karanga.

Mchangiaji, Machame

Mimi nimekuwa mgumu, yaani mpagazi, kwa miaka sita, kwa hiyo chakula chenu nimekijua zaidi kwa uzito kuliko kwa ladha. Sisi wenyewe hula ugali na dagaa, kwa sababu unga unaiva upesi na dagaa wakavu hawana maji ya kubebwa bure. Mzigo unapimwa getini na haupaswi kuzidi kilo 20, na kikundi kikijaza vitu vyenye maji, ndivyo vinavyokula nafasi ya unga na mafuta. Niliwahi kubeba tikiti maji hadi kambi ya Barranco, Kilimanjaro, kwa sababu mgeni alilitamani. Alikula vipande viwili.

Mchangiaji, Arusha

Nje kidogo ya mada: nilipotembea kwa siku nne kutoka Lushoto hadi Mtae, katika Milima ya Usambara, sikubeba chakula karibu chochote. Unapita vijiji njia nzima, na asubuhi unapata chai na magimbi ya kuchemsha. Kilichonielemea ni sufuria na jiko nilivyobeba kutoka nyumbani, ambavyo havikuguswa hata mara moja.

Mwanzisha mada, Moshi

Ndugu wa Machame, na mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, je? Mama yangu anasisitiza kwamba safari ijayo nipande mlima nao.

Mchangiaji, Machame

Msikilize mama, lakini upikwe nyumbani alfajiri, utiwe kwenye chupa ya chai, na uliwe siku ile ile msituni, kabla ya kufika kambi ya kwanza. Ukilala, utachacha. Na chupa uibebe wewe.