Acheni kuwapotosha wenzetu: asilimia 5 anayokata mteja haimalizi kodi

Ndugu wadau, hasa sisi tunaoishi kwa mikataba ya kazi bila kuajiriwa, yaani watafsiri, wapiga picha, wachoraji wa ramani za nyumba na watengenezaji wa programu za kompyuta, nimevumilia jambo hili vya kutosha. Kila mwezi wa sita unapokaribia, husambazwa ushauri uleule kwamba mteja akishakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani kodi anayoizuia kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini, wewe na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) hamdaiani tena. Ushauri huo ni wa uongo, na wanaoutoa huwa hawaonekani barua ya madai inapomfikia aliyewaamini.

Kwa mkazi anayelipwa ada ya huduma, kodi ya zuio ni malipo ya awali tu. Hukatwa kwenye ankara nzima kabla ya gharama yoyote kuondolewa, kisha mwisho wa mwaka hutolewa kwenye kodi halisi unayodaiwa. Chukueni mtu anayetoza shilingi 2,000,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 24,000,000, na akiwa na gharama halali za 6,000,000 anabaki na 18,000,000. Kwa viwango vya watu binafsi, kodi yake ni 3,336,000. Wateja wamekata 1,200,000. Bado anadaiwa 2,136,000, na kwa kuwa aliambiwa amemaliza, hakupeleka makadirio ya kodi yake ya mwaka mwezi Machi wala hakulipa awamu hata moja kati ya nne za kodi hiyo, hivyo juu ya deni hilo zinapanda adhabu na riba. Nani kati ya washauri wetu atamlipia?

Wapo pia wanaowaelekeza wenzetu waingie kwenye kodi ya wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi 100,000,000 kwa mwaka, ilhali utaratibu huo hauwahusu watoa huduma za kitaalamu na za kiufundi.

Kinachoniudhi zaidi ni ushauri kuhusu gharama. Mshauri mmoja anayejiita mtaalamu, na anayelipwa kwa kazi hiyo, aliniambia waziwazi nikusanye risiti za mafuta za ndugu na jamaa ili apandishe matumizi yangu. Nilimwonyesha mojawapo ya risiti alizokuwa nazo mezani: ilikuwa ya dizeli, imetolewa usiku wa Jumapili, ina TIN (namba ya mlipakodi) ya mtu mwingine, na mteja aliyekuwa akiandaliwa hesabu hizo anaendesha pikipiki. Akanijibu kwamba hakuna anayesoma. Huo ni udanganyifu, na kwenye ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka inayopelekwa TRA, linaandikwa jina la mlipakodi, halafu yeye mshauri anabaki na ada yake mfukoni. Sheria inaruhusu gharama ambayo yote imetumika kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee. Kodi ya chumba unacholala na vocha za watoto hazimo, hata kama umeshauriwa na mtu mwenye ofisi na muhuri.

Vilevile, kompyuta ya 3,000,000 haiondolewi yote kwenye mapato ya mwaka ulioinunua. Kwa kawaida inapunguzwa kwa uchakavu wa asilimia 37.5, yaani 1,125,000 mwaka wa kwanza, kisha asilimia hiyohiyo ya kiasi kinachobaki. Hesabu hii haihitaji uchawi, lakini nimeona ikikosewa na watu wanaotoza fedha kwa kuifanya.

Wateja nao wabebe sehemu yao. Kuna taasisi inayokata asilimia 5 kwa wakati bila kukosa, lakini ukiomba cheti cha kodi ya zuio unazungushwa kati ya uhasibu na utawala kwa miezi. Bila cheti hicho utathibitishaje kwamba fedha yako ilikatwa? Kila ankara mnayoituma sasa iambatane na ombi la cheti kwa maandishi, na kumbukumbu zote mzitunze kwa miaka 5.

Wale waliosambaza habari ya asilimia 5, ninawataka waisahihishe kulekule walikoiandika, kwa majina yaleyale, kabla ya tarehe 30 Juni ambayo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani. Anayedai nimekosea aweke hapa kifungu cha sheria, tukisome pamoja.