Ulinganisho: Dobler, Wisniewski na Nalen. Ni nani hasa aliyestahili kuitwa mcheza rafu?

MzeeWaYadi

Ndugu wanajukwaa, kila mara mzuiaji mkongwe wa NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, anapotundika daluga (mzuiaji ni yule anayewaondoa walinzi wa upinzani njiani ili mwenzake mwenye mpira apite), sifa zake hugawanyika mara mbili: waliocheza upande wake humwita shupavu, waliocheza dhidi yake humwita mcheza rafu, na sisi mashabiki hubaki tukizozana kabla hatujakubaliana rafu yenyewe ni nini. Ninaomba tulinganishe wazuiaji watatu waliostaafu wakiwa na jina baya, kila mmoja kwa sababu yake.

Wa kwanza ni Conrad Dobler, gadi (mzuiaji anayesimama jirani na yule wa katikati) wa St. Louis Cardinals, aliyemaliza mwaka 1981 baada ya kupitia pia timu za New Orleans na Buffalo. Mwezi Julai 1977 jarida la Sports Illustrated lilimweka kwenye jalada na kumtaja kuwa mchezaji mchafu kuliko wote katika ligi. Wa pili ni Steve Wisniewski, gadi wa timu ya Raiders kuanzia 1989 hadi 2001, ambaye wapinzani walimlalamikia kwa kuendelea kuwagonga wakati mchezo, yaani jaribio moja la kusogeza mpira, unaelekea kuisha au umekwisha. Wa tatu ni Tom Nalen, senta (mzuiaji wa katikati kabisa) wa Denver Broncos kuanzia 1994, mwenye pete mbili za Super Bowl, fainali ya ligi, aliyeshutumiwa kwa kuyaendea magoti ya watu. Safari yake ya uwanjani ilikatishwa mwaka 2008 na goti lake mwenyewe, jambo ambalo baadhi ya walinzi wa zamani hawakulihuzunikia sana, nadhani.

Kwa mtazamo wangu jina la Dobler lilikuzwa kupita kiasi, na la Nalen lilisamehewa mno. Dobler alivunja sheria hadharani, kwa hiyo kila mtu alimwona. Nalen alifanya kazi ndani ya sheria, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya hatari zaidi kwa mwili wa mtu mwingine.

Refa_Mstaafu

Mzee wangu, ninakuheshimu, ila hapo umechanganya mambo mawili ambayo kanuni huyatenganisha kwa makusudi. Kuna kuzuia kwa chini, ambapo mzuiaji mmoja anajirusha mbele ya mlinzi na kumgonga chini ya kiuno akiwa ametazamana naye. Kuna pia kuzuia kwa kushirikiana, ambapo mmoja anamshika mlinzi kifuani, akili na mikono yake vikawa juu, kisha mwenzake anakuja kumfyeka miguu. La pili ndilo linalovunja magoti, kwa sababu mlinzi hana namna ya kujikinga na uzito wake wote umekaa kwenye mguu mmoja. Hadi mwaka 2016 NFL iliruhusu jambo hilo katika mazingira fulani ya michezo ambamo mpira hukimbizwa badala ya kurushwa. Mwaka huo ndipo ilipolifuta moja kwa moja, na adhabu yake ni timu kurudishwa nyuma yadi 15.

Kwa hiyo Nalen alicheza karibu maisha yake yote chini ya kanuni zilizomruhusu kufanya mengi ya yale tunayomlaumu. Sioni haki katika kumhukumu mchezaji wa mwaka 1998 kwa kitabu cha mwaka 2016. Dobler hana kinga hiyo, kwa kuwa hakuna toleo lolote la kanuni lililowahi kuruhusu kung'ata vidole vya mpinzani, kama alivyoshutumiwa yeye.

BintiKilindini

Kaka Refa, kitabu cha kanuni hakiwezi kuwa mwamuzi pekee wa uungwana, maana kitabu chenyewe huandikwa baada ya watu kuumia. Tazama kandanda tuliyoizoea. Kukatwa kutoka nyuma kulivumiliwa kwa miaka mingi, hadi FIFA ilipoagiza kadi nyekundu kwa kosa hilo kuelekea Kombe la Dunia la 1998. Wakati huo kifundo cha mguu cha Marco van Basten kilikuwa kimeshaharibika, naye alikuwa ametangaza kustaafu mwaka 1995 bila kucheza mechi hata moja katika miaka yake miwili ya mwisho. Je, waliomkata kabla ya agizo hilo walikuwa waungwana kwa sababu waamuzi wa siku zile walikuwa wapole?

Kuhusu Dobler, kisa cha vidole kilimhusu Doug Sutherland wa Minnesota Vikings, na utetezi wa Dobler ulikuwa kwamba vidole hivyo vilipenya kwenye wavu wa kofia yake, hakuvifuata. Wala sitamtetea kwa mateke na mate, maana hayo ni utovu wa adabu hata kwenye uwanja wa vumbi wa mtaani. Lakini tuitazame faida aliyoitafuta. Mlinzi aliyekasirika huacha kumfuata kwotabeki, yaani mrusha pasi, na kuanza kumfuata mtu aliyemkasirisha, na Dobler aliufanya ukweli huo kuwa kazi yake. Mwaka 1975, chini ya kocha Don Coryell, mstari wa wazuiaji wa Cardinals uliruhusu kwotabeki wao aangushwe mara 8 tu katika msimu mzima wa mechi 14. Aliyekuwa akizuia kando yake upande wa kulia, Dan Dierdorf, aliingia katika Jumba la Umaarufu la mchezo huu huko Canton mwaka 1996. Dobler, aliyechaguliwa mara tatu kwenda Pro Bowl, yaani kikosi cha nyota wa ligi, hakuingia, na sina shaka kwamba lile jalada la jarida lilichangia.

Raiders_Damu

Sikubaliani hata kidogo na Wisniewski kuwekwa kwenye orodha hii. Alichaguliwa Pro Bowl mara 8, na katika uchaguzi huo wachezaji wenyewe hupiga kura, wakiwamo wale waliogongwa naye kila mwaka. Alianza mechi 206 kati ya 208 zilizowezekana katika misimu 13, na baadaye akawa mchungaji. Mlinzi anayelegea kabla ya filimbi asimlaumu mwenye kazi.

Kaka_Columbus

Ninaandika kutoka Ohio, ambako mashabiki wa Bengals, timu ya Cincinnati, bado hawajalimeza suala hili, kwa hiyo nivumilieni nikiwa na upendeleo kidogo.

Mwezi Oktoba 2004, katika mechi ya Jumatatu usiku hapa Cincinnati, mzuiaji wa pembeni wa Denver, George Foster, alimfyeka mlinzi wetu Tony Williams upande ambao mpira haukuwa ukienda. Kifundo cha mguu kiliteguka na kuvunjika, na msimu wa Williams ukaishia hapo. Kinachoniudhi mimi ni mahali palipotokea tendo hilo kuliko kasi yake. Mkimbiaji alikuwa anaelekea upande mwingine, na mlinzi aliyekuwa nyuma ya mchezo macho yake yalikuwa kwenye mpira. Watetezi wa Denver walituambia kwamba huo ndio mfumo wao, na kwamba mlinzi asipoangushwa upande wa nyuma atamkamata mkimbiaji anapogeuka na kukata kurudi ndani. Ninauelewa mfumo huo vizuri, na ndiyo sababu ninaukataa: ulimhesabu mlinzi kuwa kizuizi cha kuondolewa miguuni pake, hata pale ambapo angeweza kuzuiwa kwa kifua na mikono.

Kwa mizani yangu Dobler anakuja wa mwisho kwa hatari. Aliyeng'atwa kidole alirudi uwanjani.

Kocha_Mstarini

Ndugu Columbus amegusa kiini, nami ningependa kukipanua, kwa sababu tunawahukumu wachezaji kwa jambo lililofundishwa na mwalimu. Alex Gibbs alifika Denver mwaka 1995 kufundisha wazuiaji, na alichotaka ni watu wepesi, wenye miguu ya haraka, waliokubali kuwa wadogo kuliko walinzi waliokabiliana nao. Wazuiaji wote walisogea upande mmoja kwa pamoja, kila mmoja akilinda eneo badala ya kumtafuta mtu wake, na mkimbiaji akasubiri ufa kisha akakata mara moja tu. Ili ufa huo ubaki wazi, mlinzi wa upande wa nyuma alipaswa kuwa chini. Mzuiaji mwepesi hawezi kumsukuma mtu anayemzidi kilo nyingi kwa kifua mara 30 kwa mechi moja, lakini anaweza kumwangusha kwa kumkata miguu.

Matokeo yake yanajulikana. Terrell Davis alikimbia yadi 2,008 mwaka 1998. Alipoumia, Olandis Gary akapata yadi 1,159 mwaka 1999, Mike Anderson akapata 1,487 mwaka 2000, na Clinton Portis akavuka 1,500 mwaka 2002 na tena mwaka 2003. Wakimbiaji walibadilika lakini senta wa kawaida alibaki Nalen. Sijui mzuiaji mwingine wa enzi yake ambaye kazi yake ilionekana waziwazi namna hiyo katika takwimu za watu wengine. Ajabu ni kwamba hatukuwahi kumsikia akijieleza ipasavyo, kwa kuwa wazuiaji wa Denver waliwekeana ada ya kutozungumza na waandishi wa habari, na anayekaa kimya huandikiwa tabia na wapinzani wake.

Kwa hiyo mkitaka kulaumu, laumuni kwanza mfumo, kisha ligi iliyouona kwa miaka mingi na kuuacha.

Refa_Mstaafu

Nimeridhika na maelezo ya Kocha, na ninaongeza kwamba Gary Zimmerman, aliyecheza kwenye mstari huohuo wa Gibbs hadi mwisho wa msimu wa 1997, aliingia Canton mwaka 2008. Mfumo huo haukumzuilia mtu mlango.

MzeeWaYadi

Kocha, lawama kwa mfumo ninaipokea, lakini kuna tukio moja linalomtoa Nalen nje ya mwavuli huo. Mwezi Novemba 2006, katika mechi dhidi ya San Diego Chargers, Denver walitaka kusimamisha saa, na kwotabeki akaupiga mpira chini mara tu alipoupokea. Kila mtu anafahamu kwamba katika mchezo wa namna hiyo hakuna mbio, hakuna pasi, na hakuna nafasi ya kufunguliwa. Wazuiaji husimama tu na kungoja. Nalen akajirusha kwenye magoti ya Igor Olshansky. Olshansky akainuka na kumpiga ngumi, akatolewa uwanjani, na baadaye ligi ikampiga Nalen faini.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Uzuiaji wa chini wenye kazi katika mchezo ninaweza kuuita mkali, hata kikatili, na bado nikamwachia mchezaji heshima yake. Uzuiaji usiokuwa na faida yoyote kwa timu, ukielekezwa kwenye goti la mtu ambaye hatarajii kuguswa, hauwezi kusingiziwa kocha. Kwa kipimo hicho Wisniewski naye anarudi kwenye orodha, ndugu Raiders_Damu, kwa sababu kugonga baada ya filimbi nako hakuongezi yadi hata moja. Tofauti ni kwamba yeye aligonga kifua cha mtu aliyesimama wima.

BintiKilindini

Kipimo chako ni kizuri, Mzee, lakini kinamponza Dobler kuliko unavyokiri. Alipomtemea mate mchezaji wa Philadelphia aliyekuwa amelala chini ameumia, timu yake ilifaidika nini? Ukipima kwa ulazima wa tendo katika mchezo, yeye ndiye wa kwanza. Ukipima kwa mguu unaovunjika, ni mfumo wa Denver. Itakubidi uchague kipimo kimoja.

MzeeWaYadi

Ninachagua mguu. Nalen wa kwanza, Wisniewski wa pili, Dobler wa tatu, na mate nayahesabu kuwa aibu yake binafsi.

Raiders_Damu

Wisniewski wa tatu. Sishuki hapo.

Kaka_Columbus

Swali moja kwa Refa. Mwaka 2021 ligi ilipopunguza tena uzuiaji wa chini ya kiuno, je, tendo alilofanyiwa Tony Williams lingeadhibiwa leo?

Refa_Mstaafu

Mabadiliko ya 2021 yanahusu hasa uzuiaji unaotokea nje kidogo ya wazuiaji wa pembeni, au mbali na mstari wa kuanzia mchezo. Ndani ya eneo la katikati, mzuiaji aliyetazamana na mlinzi bado anaruhusiwa kumkata miguu, mradi hakuna mwenzake aliyemshika juu. Tendo la Foster itabidi litazamwe kwenye picha, litegemee umbali wake kutoka katikati. Mengi ya yale ambayo Nalen alifanya akiwa senta hayangeadhibiwa hata leo.