Nimeuziwa MAKOFI kwa dola 60

Wakuu salaam, ingawa salama yenyewe sina.

Naandika nimekaa kwenye ngazi za nje, saa tano usiku, kwa sababu ndani yupo baba mkwe na kila nikikatiza sebuleni ananitazama kama mgonjwa. Simtaji mtu. Wa hapa St. Louis, Marekani, wote mnamjua. Yule mwenye gari jeupe, muuza maharage ya Kigoma, vitenge, kadi za simu ambazo hakuna aliyezitumia tangu enzi za Obama, na siku hizi kajiingiza kwenye santuri. "Braza, kwako wewe bei ya ndugu." Huyo huyo.

Juzi kanipigia. Ana santuri ya Chuck Berry, yule mkongwe wa rock 'n' roll wa mji huu, ya 1963, laivu jukwaani. Nikamuuliza mara tatu: laivu kabisa? Akasema, "Laivu mpaka unasikia jasho."

Sasa mimi na Chuck Berry mnajua habari zetu. Nilipoingia mji huu 2009 nilikuwa naosha vyombo, na hela yangu ya kwanza kubaki mfukoni niliipeleka mgahawa wa Blueberry Hill pale barabara ya Delmar, kile chumba cha chini alichokuwa akipiga kila mwezi. Mzee wa miaka 83, kofia ya nahodha kichwani, gitaa limelegea nyuzi, na ukumbi mzima hakuna aliyejali. Nililia, nikasingizia moshi. Wala moshi haukuwepo. Kwa hiyo mtu akiniambia ana santuri ya mzee huyu akiwa na miaka thelathini na kitu, damu inachemka, naye laivu, hapo akili inatoka likizo. Alitaka 80. Tukashushana hadi 60, na kilo mbili za maharage juu.

Leo Jumapili ndiyo nikaifungua. Baba mkwe katoka Tabora kututembelea, nyumba imejaa, watu kumi na wanne, pilau mezani. Nikaitoa santuri kwenye kava kwa vidole viwili, nikaipuliza vumbi, nikashusha sindano. Umati ukaanza kunguruma.

Hapo ndipo, wakuu. Hapo. Niliinua mkono juu hivi, nikawanyamazisha watu wazima walio katikati ya tonge, nikasema: "Shhh! Sikieni umati!"

Watu wakasikia umati. Kijiko hakikugusa sahani. Hata mtoto mchanga wa jirani alinyamaza, na yule huwa hanyamazi kwa mtu.

Baba mkwe alishika gitaa la ridhimu ujanani. Aliinamisha kichwa akasikiliza kama fundi anayesikiliza injini. Tulipofika wimbo wa pili akaniuliza taratibu: "Mkwe wangu, hawa watu wanashangilia nini?" Nikamwambia wamepagawa, baba. Akasema, "Mbona wamepagawa kipimo kimoja tangu mwanzo? Watu huwa wanachoka. Mwingine huenda kukojoa."

Kabla sijajibu, mtoto wa shemeji, miaka 11, macho kwenye simu: "Anko, huyu alikuwa jela."

Akaanza kusoma kwa sauti, kama yuko darasani. Kwamba hii "Chuck Berry on Stage" haina jukwaa. Chess, kampuni iliyokuwa ikimrekodi kule Chicago, ilikusanya rekodi zake za studio, nyingine za miaka na miaka nyuma, ikazimwagia kelele za umati juu. Maybellene ya 1955 imo humo humo, imechongewa mashabiki wapya. Na mwenyewe aliingia gerezani Februari 1962, akatoka Oktoba 18, 1963, siku anatimiza miaka 37. Santuri ilishatangulia kuwa dukani. Mtu yuko ndani anahesabu siku, nje anashangiliwa!

Na muda wote mtoto anasoma, mkono wangu bado uko juu. Shemeji ndiye aliyeushusha.

Halafu kuna wimbo kwenye kava umeandikwa "Surfin' U.S.A." Yule bwana alishaniambia, huo peke yake una thamani ya dola 40, hakuna anayejua kuwa Chuck aliwahi kuuimba. Unaanza, ni Sweet Little Sixteen! Ile ile ya 1958. Kundi la Beach Boys waliweka maneno yao juu ya muziki wake, wimbo ukavuma 1963, basi Chess nao wakachukua jina la wimbo wa Beach Boys wakambandika mwenye mali. Makofi ya kubandika, jina la kubandika. Sindano tu ndiyo ya kweli pale, na ni yangu.

Nikampigia. Wakuu, nilikuwa mpole. Nikamwambia ndugu yangu, hii si laivu. Mnajua alinijibu nini?

"Kwani makofi huyasikii?"

Nikanyamaza. Akaendelea: "Ulitaka laivu, nimekupa watu wanapiga makofi. Hao watu si walikuwa hai wakati wanayapiga?"

Akakata simu. Kwani makofi huyasikii! Wenzangu wanapigiwa makofi, mimi nimepigwa makofi, tena kwa hela yangu, mbele ya baba mkwe. Watu kumi na wanne. Shhh, sikieni umati. Nitahama mji.

Kiroba_cha_Dengu: Shhh! Sikieni uzi!

Mama Chapati: Nimecheka mpaka mume kaamka. Mkono ulikaa juu dakika ngapi, kaka?

Mleta uzi: Dada yangu, usinichokoze. Dakika mbili.

Shemeji_Mtu: Nilikuwepo. Tatu.

MzeeWaKaseti: Mleta mada una makosa yako. Unakaa St. Louis, mji wenye sanamu yake pale Delmar, halafu laivu unaenda kununua kwa muuza maharage? Ungetafuta ya ukumbi wa Fox Theatre, Oktoba 1986, aliposherehekea kutimiza miaka 60. Keith Richards wa Rolling Stones ndiye aliyepanga bendi, na mzee anamkosoa mazoezini kama mtoto wa chekechea. Hiyo ni hapo hapo Grand Boulevard, unaenda kwa basi. Au upande wa pili wa santuri yake ya London Sessions: hiyo ilirekodiwa Coventry, Februari 1972, na umati ni wa kweli kabisa, unaimba naye ule wimbo wa kipuuzi wa My Ding-a-Ling uliomfikisha namba moja Marekani. Ndio pekee uliomfikisha. Nyimbo zote zile za maana, kaja kushika namba moja kwa utani wa chooni.

Mleta uzi: Mkuu, ninajua zote hizo. Ndiyo maana inauma.

Gitaa_Bovu: Anajua zote ila jela hakujua.

Binti Sayari: Samahani, mbona hakuna anayeuliza alifungwa kwa nini? Kesi ya kumvusha mpaka wa majimbo binti wa miaka 14. Mnamlilia mpaka mnasingizia moshi.

MzeeWaKaseti: Dada, hilo ni kweli na halina utetezi. Hata hivyo kesi ya kwanza ilibatilishwa kwa maneno ya kibaguzi ya jaji, ikasikilizwa upya, akatiwa hatiani tena. Yote mawili yapo.

Binti Sayari: Sawa, yapo. Ila kwenye kava waliandika "jukwaani". Wangeandika "gerezani".

Kiroba_cha_Dengu: Mleta uzi, baba mkwe anasemaje sasa?

Mleta uzi: Ndiyo ameanza tena hivi ninavyoandika. Anawasimulia wageni waliobaki kwamba wao walirekodi RTD, Radio Tanzania, bendi nzima kwa mpigo, mmoja akikosea mnaanza upya, na hakuna aliyebandikiwa makofi. Kila akisema "makofi" anatazama dirishani nilipo.

Gitaa_Bovu: Mzee yuko sahihi. Mleta uzi mpe mzee uanachama humu.

Ngoma_Droo: Afadhali wewe wako ni Chuck Berry kweli. Mimi mtu huyo huyo (simtaji, gari jeupe) aliniuzia Jerry Lee Lewis, Star-Club, Hamburg, 1964. Hiyo haina ubishi, ni laivu, jamaa anapiga kinanda kama anakidai kodi. Nimefika nyumbani, kava la Hamburg, ndani kuna kwaya ya Krismasi. Nimempigia, ananiambia, "Nayo si inaimbwa?"

Mleta uzi: Ulirudisha?

Ngoma_Droo: Mke kaipenda. Mwezi wa sita huu tunasikiliza kengele.

Mama Chapati: Nyie mnalilia santuri. Mimi kaniuzia DVD ya taarabu, picha ya mbele jukwaa, taa, kila kitu. Kuweka, ni harusi ya watu nisiowajua, Mbagala. Saa tatu! Nimeangalia mpaka kutupa maua. Bwana harusi ana sura ya kujuta.

Shemeji_Mtu: Hiyo si ndiyo dada yako aliiazima kwako? Nyumbani kwetu tumeiangalia mara mbili. Yule mama wa gauni la zambarau ndiye shujaa.

Mama Chapati: Alivyompokonya MC kipaza sauti!

Kiroba_cha_Dengu: Jamani na dagaa wake. Nani alinunua dagaa wa mwezi uliopita? Nimeosha maji saba, bado nasaga mchanga. Nusu ya ufuo wa Kigoma ninao kwenye sinki.

Gitaa_Bovu: Mimi. Jino limeng'oka kipande. Nimempigia, anasema mchanga ni dalili kwamba dagaa ni wa ziwani, si wa kufuga.

Binti Sayari: Dagaa wanafugwa?

Gitaa_Bovu: Ndicho nilichouliza. Akakata.

Mleta uzi: Wakuu, uzi huu ni wa makofi.

Ngoma_Droo: Dagaa ndio hatari zaidi. Makofi hayang'oi jino.

Mama Chapati: Yanategemea nani kapiga.

Kiroba_cha_Dengu: Kuna mwenye pipa linaenda Dar mwezi ujao? Nina viatu na baiskeli ya mtoto. Na msiniambie kwa huyo bwana, pipa langu la mwaka jana lilifika Bujumbura.

MzeeWaKaseti: Nilisikia. Mjomba wako si alienda kulichukua kwa basi?

Kiroba_cha_Dengu: Alienda. Na bado hajarudi, kaoa huko.

Mleta uzi: Dola 60, jamani. Shhh... basi tu.

Gitaa_Bovu: Mkuu, zile kilo mbili za nyongeza lakini. Zinaiva haraka? Yangu ya mwisho nilipika mchana, nikala kesho yake.

Mleta uzi: Zinaiva. Kwenye maharage siwezi kumsingizia. Ndiyo tuliyokula leo na pilau, baba mkwe kaongeza mara mbili.

Gitaa_Bovu: Nitumie namba yake, hii ninayo haipokelewi.

Mama Chapati: Na mimi.