Mjadala: Data za maji na bahari ziwe wazi kwa wote, au kila nchi ibaki na ufunguo wake?

Hoja ninayoiweka mezani ni hii: data za maji na bahari zinazokusanywa kwa fedha za umma, kuanzia kina cha mto hadi chumvi ya bahari kuu, ziwe wazi kwa kila anayezihitaji, na anayetaka kuzifunga ndiye abebe mzigo wa kueleza sababu zake, kwa maandishi na kwa muda wenye ukomo. Wanaopinga husema kwamba data ni sehemu ya mamlaka ya nchi, kwamba uwazi humfaidi aliye na kompyuta kubwa kuliko aliyeloa maji akipima, na kwamba baadhi ya taarifa zikitoka huleta madhara yasiyorekebishika. Sizidharau hoja hizo. Ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo nzito kuliko zote, na watetezi wa uwazi huipita haraka mno.

Tuanze na bahari, kwa kuwa huko uwazi umejaribiwa kwa muda mrefu. Mpango wa Argo una vifaa vinavyoelea karibu 4,000 katika bahari zote za dunia. Kila kimoja huzama hadi kina cha takriban mita 1,000, huchukuliwa na mkondo kwa siku kadhaa, hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda huku kikipima joto, chumvi na mgandamizo wa maji, na kikifika juu hutuma vipimo vyake kwa setilaiti. Mzunguko mmoja huchukua takriban siku 10. Vipimo hukaguliwa na kompyuta na kwa kawaida huwekwa hadharani ndani ya saa 24, bila malipo na bila kumuuliza mtu anatoka wapi. Ukaguzi wa wataalamu hufuata baadaye, maana kihisi cha chumvi huweza kupotoka polepole kwa miezi mingi bila kuonyesha dalili yoyote ya kuharibika.

Sasa, vifaa hivyo havijui mipaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi ya pwani haki ya kuridhia au kukataa utafiti katika ukanda wake wa kiuchumi, yaani hadi maili 200 za baharini kutoka pwani, na mtafiti anatakiwa kutoa taarifa za mradi wake angalau miezi 6 kabla ya kuanza. Kifaa kilichoachwa bahari kuu kikisukumwa na mkondo hadi ndani ya ukanda huo, nani aombwe ruhusa? Tume ya Kiserikali ya Bahari iliyo chini ya UNESCO ililitolea azimio suala hilo mwaka 1999: nchi husika ijulishwe mapema pale kifaa kinapoweza kuingia katika maji yake. Ninalitaja azimio hili kwa sababu linaonyesha kwamba mamlaka ya nchi yanaweza kuheshimiwa kwa kuijulisha na kuishirikisha, bila mtu yeyote kuweka kufuli. Mkataba wenyewe wa 1982 unamtaka mtafiti aipe nchi ya pwani data na sampuli, na aisaidie kuzitafsiri ikiomba. Haki hiyo ya kusaidiwa kutafsiri haitajwi sana katika mijadala, ilhali ndiyo inayoigusa hoja ya pili moja kwa moja.

Mtoni mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mto una juu na chini. Nchi iliyo juu inajua leo kiasi cha maji ambacho nchi iliyo chini itakiona baada ya siku kadhaa, na ujuzi huo una uzito katika mazungumzo ya mabwawa na umwagiliaji. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha azimio la kubadilishana data za mito mwaka 1999, kisha mwaka 2021 likaunganisha sera zake katika azimio moja linalotofautisha data za msingi, ambazo nchi wanachama zinapaswa kuzitoa bure, na data zinazopendekezwa tu. Kituo cha kimataifa cha data za mtiririko wa mito kimekuwapo Koblenz, Ujerumani, tangu mwaka 1988. Maazimio yapo, na kituo kipo. Kinachopungua ni vipimo vinavyofika, kwani mifululizo mingi ya vituo imekatika au hufika ikiwa imechelewa miaka.

Hapa naomba tuitazame data yenyewe kwa karibu, maana tunabishana kama kwamba ni mzigo unaokabidhiwa ukiwa mzima. Faili la kituo cha mto lina tarehe upande mmoja na kimo cha maji upande wa pili: 1.42, 1.45, 9999, 9999, 0.87. Namba 9999 haimaanishi mafuriko. Ni alama kwamba siku hiyo hakuna aliyesoma kipimo. Asiyeambiwa hivyo atapata wastani wa ajabu. Na huo mshuko hadi 0.87 huenda si ukame: pengine rula ya kituo ilisombwa na maji, ikasimikwa upya mahali pengine, na sifuri yake ikahama. Isitoshe, kimo hakitoi mtiririko mpaka kipitishwe katika mlinganyo wa kituo hicho, na mlinganyo huo hubadilika kila mafuriko yanapochimba kitanda cha mto. Faili likiwekwa wazi bila maelezo haya, umetimiza sera kwenye karatasi tu. Kanuni za FAIR za mwaka 2016, zinazotaka data ziweze kupatikana, kufikiwa, kuunganishwa na data nyingine na kutumika tena, zinasisitiza maelezo hayo hayo. Wengi huzisoma kama amri ya kufungua kila kitu, ingawa hazisemi hivyo.

Madhara je? Yapo, na hapa nakubaliana na wapinzani kwa sehemu. Kuchapisha latitudo na longitudo kamili za makazi ya spishi adimu ni kumwelekeza mwindaji haramu. Wavuvi wanaoeleza mahali samaki wanapozalia hawajamkaribisha kila mwenye meli kubwa. Kanuni nyingine, za CARE za mwaka 2019, zilizotokana na madai ya jamii za wenyeji, zinaweka mbele manufaa ya pamoja na mamlaka ya jamii juu ya taarifa zake, na naona ni haki. Lakini tiba ni kupunguza usahihi wa mahali, au kuchelewesha uchapishaji kwa muda unaojulikana. Mkataba wa bioanuwai ya bahari kuu uliopitishwa Juni 2023 umefuata njia inayofanana: anayekusanya sampuli za kijenetiki hutoa taarifa kabla na baada ya ukusanyaji, sampuli hupewa kitambulisho, na ndani ya mwaka 1 tangu ukusanyaji anatakiwa kueleza zimehifadhiwa wapi pamoja na data zake.

Linalonisumbua zaidi halimo katika sheria yoyote. Data nyingi zimefungwa na uzembe wa kibajeti. Mradi unakwisha, seva inazimwa, aliyejua maana ya safu ya 7 katika jedwali anahamia kazi nyingine, na tovuti inabaki na ukurasa unaosema itarejea hivi karibuni. Kila mfadhili hupenda kununua vihisi vipya, kwa kuwa vihisi hupigwa picha vizuri. Mshahara wa mtunza data haupigwi picha. Kwa hiyo napendekeza kwamba mradi usipewe fedha za kupima kama haujaonyesha nani atalipia hifadhi na utunzaji baada ya mradi kwisha, na kwamba sehemu ya fedha hizo itumike kuwafundisha watu wa mahali pa vipimo kuzichambua wenyewe. Bila hilo, anayelalamika kwamba uwazi unawanufaisha wengine atakuwa na haki ya kulalamika.

Wanaoona nimekosea, naomba wajibu hasa kuhusu eneo ambalo msimamo wangu haujakamilika: data za kampuni binafsi. Kampuni inayotafuta gesi baharini hupima sakafu ya bahari kwa gharama yake, lakini kwa leseni ya umma na katika maji ya umma, na ripoti zake za athari kwa mazingira huombewa kibali cha umma. Mimi naelekea kusema kwamba vipimo vya mazingira vitolewe mara kibali kinapotoka, na vile vya rasilimali vibaki siri mpaka leseni iishe. Anayetaka vyote vibaki siri, au vyote vitolewe, aeleze nani atalipa gharama ya kuvipima upya.